Moyo wa Kukodi

Msengi alikodi moyo wa mke wake kwa jina la mtu mwingine. Sheria ya ligi ilikataza mume, mke, mzazi au mtoto wa mchezaji kuukodi moyo wake, kwa hiyo jina lilikuwa la Njiku, rafiki yake wa tangu utotoni. Mshipi wa kifuani ulikuwa wa Njiku pia, mpana, mweusi, wenye harufu ya jasho la watu wawili.

"Usiukaze sana," Njiku alimwambia. "Mechi iliyopita ulitoka na alama utadhani umechapwa na mwiko. Mkeo akiona utamwambia nini? Umeungua na chai?"

"Haoni."

"Haoni, au siku hizi hatazami?"

Walikuwa wamekaa safu ya juu kabisa ya Ukumbi wa Kindai, ambako mvumo wa mitambo ya upepo ya Singida ulipenya mabati na kuchanganyika na kelele za watu. Chini, wachezaji wa Alizeti, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, walikuwa wanapasha misuli. Veneranda, mke wake na mchezesha timu, alidunda mpira bila kuutazama, huku akicheka na mwenzake. Msengi akabonyeza mshipi, akangoja, na moyo ukaingia. Uligonga juu ya mbavu zake, kando kidogo ya moyo wake mwenyewe, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani.

Kila mchezaji wa ligi alivaa kisahani chembamba cha kioo ndani ya bangili ya kitambaa, kikigusa mshipa wa damu wa mkono wa kushoto. Kampuni ya Mapigo ilichukua kila pigo na kulituma kwa yeyote aliyekodi. Wengi walikodi ili wajue nani atashinda. Msengi na Njiku hawakujali nani anashinda. Wao walibeti jumla, yaani pointi za timu zote mbili zikiunganishwa. Kampuni ilitaja namba, namba ikapanda na kushuka mechi ikiendelea, na wewe ukasema ova, kwamba pointi zitaizidi, au anda, kwamba hazitaifikia.

Msengi alijifundisha kazi hiyo peke yake, kwa kutazama mechi za zamani akiwa amezima sauti. Aligundua kwamba namba ya kampuni inaufuata ubao wa pointi, na ubao mara nyingi unadanganya. Timu ikitumbukiza mitupo ya mbali mfululizo, namba inaruka juu, wakati mchezo wenyewe haujaongeza kasi hata kidogo. Mikono imepata moto tu, na itapoa. Kwa hiyo yeye hakutazama pointi. Alitazama mpira unavuka mstari wa kati mara ngapi, nani amekaa benchi, nani ana faulo nyingi. Faulo aliziogopa, maana huleta mitupo ya bure saa ikiwa imesimama. Aliogopa zaidi dakika za mwisho za mechi iliyobanana, kwa sababu timu iliyo nyuma hufanya faulo makusudi ili irudishiwe mpira, na hapo pointi humwagika na mikeka ya waliobeti anda huchanika kwa wingi.

"Anda nzuri," alizoea kumwambia Njiku kwa sauti yake ya chini, "ni ile ambayo timu moja imeshakata tamaa."

Kwa Alizeti, hata hivyo, alikuwa na kitu kingine. Mwendo wa timu ulikuwa mwendo wa Vene. Akikimbia, wote wanakimbia. Akitembea na mpira, mechi nzima inatembea.

Katikati ya robo ya tatu kocha aliomba muda. Vene alikuja benchi, akakaa, akajifunika taulo kichwani. Moyo wake ulikuwa unadunda kama mvua ya mawe juu ya bati. Kitundu, mtaalamu wa viungo wa timu, akapiga goti mbele yake. Akaufungua mkono wake wa kushoto, akafuta jasho chini ya bangili, kisha akaushika mkono ule katikati ya viganja vyake viwili na kubaki hivyo.

Moyo ukatulia papo hapo, kama mtu aliyefika nyumbani na kufunga mlango.

"Huyo!" Njiku alinong'ona. "Weka anda. Weka, weka, kabla wengine hawajashtuka!"

Msengi akaweka. Mchezo uliporudi Vene alitembea na mpira, akaula muda, akapiga pasi za pembeni. Mpaka kipenga cha mwisho namba haikufikiwa, kama ambavyo haikufikiwa katika mechi nyingi za mwezi ule.

"Huyu Kitundu tumjengee sanamu," Njiku alisema, akicheza mabega akiwa amekaa. "Mkono wake una dawa."

Msengi alikuwa bado anaitazama mikono yenyewe. Ilikuwa mipana, safi, ya mtu asiyeshika grisi.

*

Yeye alikuwa fundi wa pampu za visima. Angeweza kusimama nje ya uzio na kukuambia pampu iliyo chini inavuta maji au inavuta hewa. Sikio hilo ndilo lililomponza. Jumapili mchana Vene alipopitiwa na usingizi kwenye kochi, Msengi alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unakwenda haraka. Uliruka pigo, ukalikimbilia lililofuata, ukaruka tena.

Akakaa sakafuni akiufikiria. Amelala nyumbani kwake, mlango umefungwa, mumewe yuko kando, na moyo hautulii. Kule mbele ya watu wote mwanamume mwingine anamshika mkono tu, na moyo unatulia kama maji ya mtungini.

Hakupenda kuhukumu upesi. Akaamua kupima, kama alivyokuwa anapima mechi. Ikaja mechi ya ugenini ambayo Kitundu hakusafiri. Msengi aliufuatilia moyo akiwa nyumbani. Kocha aliomba muda, msichana mwingine akamfuta Vene jasho, na mvua ya mawe haikukatika hata kidogo. Robo ya tatu haijaisha, Vene akatoka akichechemea.

Msengi aliona hilo limemtosha. Hawezi kucheza bila yeye, alijiambia.

Vene aliporudi, alimpakulia ugali wa mtama na mlenda, akakaa kumtazama anavyokula.

"Naona Kitundu hakusafiri," akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Alikwenda kumzika shangazi yake."

"Na wewe ukatoka mapema."

"Msuli ulinibana, Baba Eliza."

"Msuli upi?"

Vene alicheka, akaugonga mkono wa mumewe kwa kidole. "Leo umekuwa daktari? Kula, mlenda unapoa."

Msengi alikula. Lakini alikuwa ameona kwamba swali la msuli halikujibiwa.

*

Nusu fainali ilichezwa Kindai, dhidi ya timu ya Dodoma, na mashabiki wa Dodoma walipewa viti nyuma ya benchi la Alizeti. Walikuwa na midomo. Walimwita Vene bibi, wakamwuliza kama amekuja na mkongojo.

"Wanamtukana mkeo," Njiku alisema.

"Amezoea."

"Wewe je?"

Kocha akaomba muda. Vene akakaa, taulo kichwani, uso ukaelekea sakafu. Kitundu akapiga goti, akafuta jasho, akaushika mkono. Moyo ukatulia. Msengi alisaga meno. Njiku alikuwa anamsukuma kwa kiwiko, "Weka, bwana, unangoja nini?"

Hapo chupa ya maji ikaruka kutoka kwa mashabiki wa Dodoma na kumpiga Kitundu kisogoni.

Kitundu alishtuka, mwili mzima ukaruka. Vene, chini ya taulo lake, hakutikisika, kwa kuwa hakuwa ameona kitu.

Na moyo uliokuwa kifuani kwa Msengi ukaruka. Ulikwenda mbio kama mbuzi aliyefukuzwa bustanini. Kitundu aligeuka, akaona ni maji tu, akacheka na kujifuta shingo kwa bega lake. Moyo ukapungua mbio, ukatulia tena.

Msengi aliweka kiganja juu ya mshipi. Pampu mbili hazina sauti moja, hata kama zimetoka kiwanda kimoja, na sasa alishangaa ilikuwaje hakulisikia hilo mapema. Moyo wa Vene uliruka mapigo. Huu haukuruka hata moja. Ulikuwa moyo wa mtu aliyepiga goti, asiyekimbia, mwenye afya.

Ulikuwa moyo wa Kitundu.

Kanuni ziliruhusu mtaalamu wa viungo kukitoa kisahani wakati wa mapumziko, akifute jasho na kukirudisha. Kitundu alikitoa, akakifuta, lakini hakukirudisha. Alikibana chini ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, huku amefunika yote kwa viganja, mpaka muda ulipokwisha. Sababu Msengi aliijua kama kila mtu aliyebeti alivyoijua. Ligi ilikuwa imeweka mstari mwekundu. Moyo wa mchezaji ukiuvuka na ukashindwa kurudi chini wakati wa mapumziko, mashine inamtoa mchezoni, hospitali inaitwa, na leseni yake inasimamishwa. Ugenini, bila Kitundu, Vene alikuwa ametoka akichechemea kabla hajaufikia.

Kwa hiyo mwezi mzima alikuwa amembeba kifuani mwanamume aliyemwonea wivu. Zaidi ya hapo, alikuwa ameubetia utulivu wake. Na Vene hakutembea na mpira baada ya mapumziko kwa sababu ametulia. Alitembea kwa sababu alikuwa amechoka mno, hawezi kukimbia.

"Umeweka?" Njiku aliuliza.

"Sikuweka."

"Msengi! Una nini leo?"

Kipenga kililia, kisahani kikarudi mahali pake, na mvua ya mawe ikaanza upya. Safari hii Msengi aliisikia kwa namna nyingine. Pigo, pigo, kimya, pigo. Kila kimya kilipokuja alijikuta ameshika pumzi.

Alidhani wivu ungeondoka sasa, kwa kuwa hapakuwa na mapenzi katika mikono ile. Wivu ulibadilisha tu nguo. Mke wake alikuwa anaumwa, na aliyeambiwa ni Kitundu.

*

Asubuhi ya fainali alimkuta Vene barazani akifunga kamba za viatu, akizifungua, akizifunga tena.

"Moyo wako una nini, Mama Eliza?"

Mikono ya Vene ilisimama. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimeusikia."

"Umeusikia wapi?"

Msengi alifungua vifungo vya shati. Michirizi ya mshipi ilikuwa bado inaonekana, myekundu, kutoka kwapa hadi kwapa. Vene aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha kikamtoa machozi.

"Mimi nilidhani una mwanamke," alisema. "Mwezi mzima naziona hizo alama ukioga, nanyamaza, najiuliza ni mwanamke gani huyo anayekumbatia namna hiyo. Kumbe mwanamke mwenyewe ni mimi."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza."

Jirani alikuwa anafagia uwanja wake, fagio likisikika shwaa, shwaa.

"Kuna mlango mmoja ndani ya moyo haufungi vizuri," Vene alisema. "Daktari aliniambia niache kucheza. Niache, si nipumzike. Nikamwambia nitaacha baada ya fainali. Nilianza kucheza kwa mpira wa miguu, unakumbuka, kwa sababu wa kikapu hatukuwa nao. Ringi ilikuwa ya pipa. Hii ni fainali yangu ya kwanza, Msengi, na haitakuja nyingine. Nipe leo tu. Kesho viatu hivi nampa Eliza."

"Kitundu ulimwambia."

"Nilimwambia, na alikataa. Nilimbembeleza mpaka akakubali. Usimlaumu."

"Mimi hukunibembeleza."

Vene alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Wewe ulitaka niache nilipojifungua. Ukataka nivae suruali ndefu uwanjani. Kampuni ilipoanza kukodisha mioyo, hukusema nami siku tatu, kama vile ni mimi niliyeivumbua. Sasa ungeniambia niache, ningejuaje ni wewe unayeongea au ni wivu wako?"

Na Msengi mwenyewe hakujua.

"Utapinga?" Vene aliuliza.

Kila mshipi ulikuwa na kitufe cha kupinga. Aliyeamini kwamba moyo anaoupokea si wa mchezaji, alikibonyeza na kutaja jina lake halisi. Mchezo ulisimamishwa, kisahani kikakaguliwa mbele ya watu, na uso wa aliyepinga ukawekwa kwenye ubao mkubwa, ili watu wasipinge kwa hila.

"Sijui," Msengi alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

*

Fainali ilianza kwa kasi. Vene alicheza kama msichana wa miaka ishirini, akapenya, akapiga pasi za nyuma ya mgongo, ukumbi ukawa unaimba jina lake. Namba ya kampuni ikapanda, ikapanda tena.

"Imepanda kupita kiasi," Njiku alisema, macho yanang'aa. "Hii ndiyo uliyonifundisha. Mikono ya moto. Robo ya tatu Kitundu atamshika mkono, na sisi anda yetu hiyoo."

Msengi hakuwa anatazama ubao. Pigo, pigo, kimya. Pigo, kimya, kimya, pigo. Vene alirudi kukaba akiwa ameshika kiuno.

Kocha akaomba muda. Taulo. Goti. Mikono miwili. Moyo mwema wa Kitundu ukaingia kifuani kwa Msengi, umetulia, umenyooka.

"Weka!" Njiku alimhimiza.

Msengi alijaribu kupima kama alivyozoea kupima, kwa kuondoa kitu kimoja na kuona kama jibu linabaki. Akamwondoa Kitundu, akaweka mahali pake bibi kizee mwenye miwani. Je, angebonyeza kitufe cha kupinga? Angebonyeza. Akamrudisha Kitundu. Angebonyeza? Ndiyo, na angefurahi kidogo. Furaha ile ndiyo iliyomtia aibu. Akaitazama vizuri, akaona haitaondoka hata akiitazama jioni nzima. Wivu ulikuwepo, na mlango usiofunga ulikuwepo. Hakimu wa kuvitenganisha hakuwepo, na mapumziko yalikuwa yanakwisha.

Akabonyeza. "Msengi Kiula," alisema. "Mume wake."

King'ora kililia. Uso wake ukajaa ubaoni, mkubwa kama nyumba, mdomo wazi. Ukumbi ukalipuka.

"Mume! Ni mume wake mwenyewe!"

"Kaka, wivu utakuua!" mwanamke mmoja alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko, halafu zomeazomea zikaanza, safu kwa safu.

Njiku alivuta kofia mpaka puani. "Umenimaliza, ndugu yangu," alisema taratibu. "Jina lililokodi ni langu."

"Najua. Nisamehe."

Mwamuzi alitembea mpaka benchi, akamwambia Kitundu anyooshe mikono. Kitundu hakubisha. Alikitoa kisahani chini ya kifundo chake, akakiweka mwenyewe kwenye mkono wa Vene, na kuifunga bangili kwa uangalifu.

Mvua ya mawe ikamwangukia Msengi. Ubaoni alama ya moyo wa Vene ilipanda, ikauvuka mstari mwekundu na kuendelea kupanda, na zomeazomea zikakatika kwenye safu zilizokuwa karibu na benchi. Wenye mishipi walikuwa wameshika vifua. Mtu mmoja alisema, "Jamani."

Vene hakumtazama mwamuzi, wala kocha, wala Kitundu. Alivua taulo kichwani na kuinua macho mpaka safu ya juu kabisa. Msengi, aliyeweza kusoma mechi nzima kwa namna mchezaji anavyoshika kiuno, hakuweza kusoma chochote katika uso ule.

Walimlaza kwenye machela kando ya uwanja. Daktari wa ligi alikuja na chupa ya hewa. Kitundu akapiga goti tena na kuushika mkono wake, safari hii hakuna kilichofichwa ndani.

Na polepole, polepole sana, moyo ukaanza kushuka. Pigo, pigo, kimya. Pigo, pigo, pigo. Huu ulikuwa wa Vene kweli, Msengi aliujua kwa kilema chake, na ulikuwa unatulia. Huenda ilikuwa hewa ya daktari. Huenda ilikuwa mikono ile. Wivu ukanyanyuka ndani yake vilevile kama siku ya kwanza, haukupungua hata kwa chembe, ukamwambia aendelee kusikiliza mpaka ajue. Moyo ulikuwa umekodiwa hadi kipenga cha mwisho. Alikuwa na muda.

Akafungua mshipi, akaukunja, akauweka mapajani kwa Njiku.

Kifuani palibaki moyo mmoja tu. Akaanza kushuka ngazi katikati ya zomeazomea, bila kujua moyo wa mke wake unapigaje, akienda kumwuliza.